Daraja Moja, Sheria Mbili: Dai la Uzembe wa Daktari Katika Majimbo ya Marekani

Mjini Louisville, Kentucky, kuna daraja la zamani la reli lililogeuzwa kuwa njia ya waenda kwa miguu. Linaitwa Big Four. Ukilipanda upande wa mji na kutembea polepole juu ya mto Ohio, nusu saa haijaisha utakuwa umeshukia Jeffersonville, na Jeffersonville ni Indiana. Wazungumzaji wa Kiswahili wa pale, wengi wao wametoka Kongo na Burundi, huvuka mto huo bila kuuwazia: nyumba huku, kazi kule, kanisa huku, hospitali popote bima inapokubaliwa.

Sasa tuseme mama amefanyiwa upasuaji, na kipande cha shashi kikasahauliwa tumboni. Kama upasuaji ulifanyika Louisville, ana mwaka mmoja wa kufungua shauri, na mwaka huo unaanza kuhesabiwa pale alipogundua, au alipopaswa kugundua, kwamba ameumizwa. Tena katiba ya Kentucky, kifungu cha 54, inalikataza bunge la jimbo kuweka kikomo cha fidia ya mtu aliyeumia au aliyekufa. Kama ulifanyika ng'ambo ya pili, ana miaka miwili, ila kwa sheria ya Indiana inahesabiwa tangu siku ya upasuaji wenyewe. Kabla ya kusikilizwa mahakamani, dai lake litapita mbele ya jopo la wahudumu watatu wa afya linaloongozwa na wakili asiyepiga kura. Na hata akishinda, ikiwa daktari amejiunga na mfuko wa fidia wa jimbo, jumla ya vyote haiwezi kuzidi dola milioni 1.8: bili za hospitali, mishahara aliyopoteza na maumivu aliyoyapata, vyote humo humo. Shashi ni ileile, tumbo ni lilelile.

Wengi wetu tuliohamia Marekani, jambo kama hili likitupata, huanza na swali moja: daktari alikosea au hakukosea? Ni swali la haki kabisa. Lakini kwa jinsi sheria za huku zilivyopangwa, hilo ni swali la tatu au la nne. Yanayotangulia ni haya: ulitibiwa upande gani wa mto, lini, na kituo kilichokutibu ni cha nani. Marekani haina sheria moja ya taifa ya madai ya uzembe wa kitabibu. Kila jimbo lina bunge lake, katiba yake na mahakama yake ya juu, na kwa kawaida sheria inayofuatwa ni ya mahali ulipotibiwa, wala haijalishi unalala wapi.

Kukosea na uzembe

Tuanze na lile ambalo majimbo yanakubaliana, kwa kuwa ni fupi. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake. Kwamba alifanya kazi chini ya kiwango ambacho daktari makini wa fani ileile angekifuata. Kwamba kushuka huko chini ya kiwango ndiko kulikomletea madhara. Na kwamba madhara yenyewe yapo. Matokeo mabaya peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kufia mikononi mwa daktari aliyefanya kila kitu sawasawa, na sheria haimdai daktari huyo senti moja. Fomu ya ridhaa uliyotia sahihi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji nayo haimpi daktari ruhusa ya kuzembea. Inaonyesha tu kwamba ulielezwa hatari za kawaida. Kama ulielezwa kwa lugha usiyoielewa, hilo ni jambo jingine: hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa na sheria kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo, na mtoto wako wa darasa la sita si mkalimani.

Katika yale manne, linalozamisha kesi nyingi ni la tatu, kuunganisha kosa na madhara. Chukua mgonjwa wa saratani aliyekuwa na nafasi 40 kati ya 100 za kupona. Daktari akachelewa kuiona saratani, nafasi zikashuka zikawa 10. Je, daktari ndiye aliyemuua? Mahakama ya juu ya Texas ilishajibu mwaka 1993: ikiwa tangu mwanzo nafasi zako zilikuwa nusu au chini ya nusu, huwezi kusema kwamba pengine ungepona, basi huna dai. Kentucky ikafuata msimamo kama huo mwaka 2008. Minnesota mwaka 2013 ikaamua kinyume: kumpunguzia mtu nafasi ya kupona ni madhara yenyewe, na yanalipwa. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule, mwenye faili lilelile, ni mdai halali Minneapolis na si kitu Houston.

Saa inayoanza kabla hujajua

Mwezi Februari 2010 mama mmoja wa Brooklyn, Lavern Wilkinson, alikwenda idara ya dharura ya hospitali ya umma akilalamikia maumivu ya kifua. Akapigwa eksirei. Picha ilionyesha uvimbe kwenye pafu, lakini yeye akaambiwa hana neno, akarudi nyumbani. Ukweli aliambiwa mwaka 2012, saratani ikiwa imeshasambaa. Alifariki Machi 2013, akiwa na miaka 41.

Sheria ya New York wakati huo ilimpa mgonjwa miaka miwili na nusu tangu siku ya kosa. Kwa hospitali za umma za jiji muda ulikuwa mfupi zaidi: taarifa ya dai ndani ya siku 90, na shauri lenyewe ndani ya mwaka mmoja na siku 90. Piga hesabu. Mlango wake ulifungwa karibu na Mei 2011, wakati yeye mwenyewe bado akijua kwamba mapafu yake hayana tatizo. Haki ilikuja na kuondoka bila kumbishia hodi.

Ilichukua miaka mitano ya mabishano Albany, lilipo bunge la jimbo la New York. Tarehe 31 Januari 2018 gavana Andrew Cuomo alitia sahihi kile kinachoitwa Sheria ya Lavern: saratani isiyoonekana kwa uzembe, saa inaanza pale mgonjwa anapogundua au alipopaswa kugundua, mradi miaka saba isipite tangu kosa. Ni saratani tu. Aliyekosewa ugonjwa wa moyo au maambukizi ya damu bado anapimwa kwa saa ya zamani. Bunge lilimwonea huruma mgonjwa wa aina moja likawaacha wenzake mlangoni, na sijaona hoja ya kitabibu inayoeleza tofauti hiyo.

Ukitaka kulielewa jimbo lolote, uliza juu ya saa tatu. Ya kwanza ni ya tukio: inaanza siku ya kosa, ujue usijue. Ya pili ni ya ugunduzi: inasubiri ujue. Ya tatu ni ukuta: hata kama hujagundua, ukifika hapo basi. California inachanganya zote: mwaka mmoja tangu kugundua au miaka mitatu tangu kuumia, kile kitakachotangulia. Florida ni miaka miwili tangu kugundua, na kwa kawaida ukuta uko kwenye miaka minne. Ohio inatoa mwaka mmoja tu, ukuta miaka minne, ila ukimwandikia daktari barua rasmi ya kusudio kabla mwaka haujaisha, unapata siku 180 zaidi. Kitu kilichosahauliwa mwilini, kama ile shashi, Ohio na New York zinakipa saa yake: mwaka mmoja tangu kukigundua.

Minnesota ndiyo inayowadanganya watu. Ukisikia miaka minne, unaona una nafasi ya kupumua. Lakini miaka hiyo haisubiri ugunduzi. Kwa kawaida inahesabiwa tangu matibabu yalipokoma, na kama kosa ni tendo moja linalojulikana, tangu siku ya tendo. Texas nayo ni miaka miwili tangu tukio au mwisho wa matibabu husika. Indiana ilikuwa na ugumu huohuo mpaka mwaka 1999, mahakama yake ya juu ilipotoa uamuzi juu ya mama mwenye saratani ya titi: katiba, ikasema, hairuhusu mtu apoteze haki ambayo hangeweza kuijua. Sheria ikabaki kitabuni, lakini kwa wagonjwa wa namna hiyo mahakama ikafungua dirisha.

Watoto wana hesabu yao, na hapa wazazi wengi huteleza kwa kudhani kwamba kila jimbo humngoja mtoto mpaka afikishe miaka 18. Indiana, mtoto aliyeumizwa akiwa chini ya miaka sita anayo nafasi mpaka siku anapotimiza minane. Baada ya hapo, kwisha.

Nadhani hapa desturi zetu zinagongana na sheria kuliko mahali pengine popote. Mtu akifa, kazi ya kwanza ni michango ya kusafirisha mwili, ya pili ni mazishi, ya tatu ni arobaini. Wazee watasema kazi ya Mungu haina makosa, na anayeuliza habari ya daktari kabla ya matanga kwisha huonekana hana adabu. Hayo ni ya kwetu na sioni aibu nayo. Lakini mwaka mmoja wa Kentucky au Tennessee haujui arobaini ni nini.

Zahanati ambayo kumbe ni ya serikali kuu

Nina sababu ya kukaa hapa kidogo, kwa kuwa mtego huu unawanasa wageni hasa.

Mkimbizi au mhamiaji aliyefika karibuni, asiye na bima au mwenye bima ya watu wa kipato kidogo, mara nyingi hutibiwa kwenye kituo cha afya cha jamii, kile kinachotoza kulingana na kipato chako. Vituo vingi vya namna hii hupokea ruzuku ya serikali kuu. Vikikamilisha masharti fulani, sheria huvihesabu, pamoja na madaktari na manesi wake, kana kwamba ni waajiriwa wa serikali kuu ya Marekani. Hakuna bendera mlangoni. Beji ya daktari haisemi. Bango linaweza kuwa na jina la mtaa au la mtakatifu.

Lakini ukiumizwa humo, humshitaki daktari. Unaidai serikali ya Marekani, kwa utaratibu wake. Kwanza unapeleka dai la maandishi kwa wizara ya afya kule Washington, likitaja kiasi kamili cha fedha unachodai. Kuandika "fidia ya haki" bila tarakimu ni sawa na kutopeleka kitu. Una miaka miwili ya kufanya hivyo, tangu ulipojua kwamba umeumizwa na kilichokuumiza. Wizara ina miezi sita ya kukujibu. Ikikataa, una miezi sita ya kwenda mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, na huko hakuna juri, lile baraza la raia wa kawaida. Jaji peke yake ndiye anayeamua. Malipo ya wakili nayo yamewekewa mpaka: asilimia 20 ya fidia mkimalizana wizarani, asilimia 25 mkifika mahakamani.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Minnesota aliyesikia kwamba jimbo lake linatoa miaka minne. Anajipanga, anatafuta wakili mwaka wa tatu, wakili anafungua shauri kwenye mahakama ya jimbo dhidi ya daktari. Wiki chache baadaye mawakili wa serikali wanajitokeza, wanalihamishia mahakama ya shirikisho na kusema: huyu ni mtu wetu, na miaka miwili imepita. Kuna mawakili wa kizungu, wenye ofisi za ghorofani, waliopoteza kesi za wateja wao hivyo hivyo. Ajabu yenyewe ni kwamba ukishaingia kwa mlango huo wa serikali kuu, ndani unaikuta tena sheria ya jimbo: uzembe utapimwa kwa sheria ya mahali ulipotibiwa, na kikomo cha fidia cha jimbo kitafuatwa.

Walinzi wa mlangoni

Hata ukiwahi, huingii mahakamani na malalamiko yako mkononi. Majimbo mengi yanataka daktari mwingine akutangulie, yaani mtaalamu aliyesoma faili lako na yuko tayari kusema kwamba dai lina msingi. Georgia, Michigan na Ohio zinataka kiapo chake kiambatane na hati ya madai. Michigan inaongeza taarifa kwa mdaiwa siku 182 kabla. Kentucky ilijaribu majopo kama ya Indiana, mahakama yake ya juu ikayafuta mwaka 2018 kwa kuwa yalimchelewesha mwananchi kufika mahakamani, na mwaka uliofuata bunge likaleta cheti cha mtaalamu badala yake.

Texas ndiyo kali. Mdaiwa akishajibu, una siku 120 kumpelekea ripoti kamili ya mtaalamu, inayoeleza kiwango kilichotakiwa, kilivyovunjwa na kilivyoleta madhara. Usipoipeleka, na yeye akaomba, kesi inafutwa moja kwa moja isirudi tena, na unalipishwa gharama za mawakili wake. Tennessee ina ugumu wa kuchekesha kidogo: mtaalamu wako awe amefanya kazi Tennessee au kwenye jimbo linalopakana nayo. Bingwa wa Boston, hata awe ameandika vitabu, kwa kawaida hatoshi. Daktari wa kijijini Mississippi anatosha.

Kusoma faili, kuandika ripoti na kusimama kizimbani, mtaalamu hulipwa kwa saa, na gharama za kesi moja hufika makumi ya maelfu ya dola. Fedha hizo kwa kawaida huzitanguliza wakili, naye huzirudisha mkishinda. Kwa hiyo mlinzi wa kweli wa mlango ni kikokotoo cha wakili.

Maumivu yana bei gani?

Fidia hugawanywa mafungu mawili makubwa. Moja ni la hasara inayohesabika: bili, mishahara, gharama za kumtunza mtu miaka ijayo. La pili ni la kisichokuwa na risiti: maumivu, ulemavu, kunyimwa furaha ya maisha. Vikomo vya majimbo mengi vinabana hili la pili.

Vilianza miaka ya 1970. Kampuni za bima zilipandisha ada za madaktari ghafla, nyingine zikajitoa kabisa. California mwaka 1975 madaktari wa nusukaputi waligoma. Gavana Jerry Brown akaita kikao maalumu cha bunge, na likapita kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu. Mwaka huohuo Indiana, chini ya gavana Otis Bowen ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa familia, ikaenda mbali zaidi na kubana fidia yote. Hofu haikuwa ya kutunga. Mama mjamzito wa mji mdogo akimpoteza mkunga na daktari kwa sababu ya ada ya bima, naye ameumia.

Lakini angalia kilichofuata. Ile 250,000 ya California haikuguswa kwa miaka 47, huku bei ya kila kitu ikipanda. Mwaka 2022 ndipo pande zote mbili zilipokubaliana: tangu Januari 2023 kikomo kikawa 350,000 kwa aliyeumia na 500,000 kwa kifo, kikipanda kila mwaka kwa miaka kumi mpaka 750,000 na milioni moja. Texas ilipitisha chake mwaka 2003, na wapiga kura wakakilinda kwenye katiba Septemba mwaka huo kwa kura chache tu juu ya nusu: dola 250,000 kwa madaktari wote pamoja, na nyingine 250,000 kwa kila hospitali zisizidi mbili. Hicho hakipandi na bei. Iowa ilipitisha chake cha sasa mwaka 2023, milioni mbili kwa hospitali na milioni moja kwa wengine. Upande wa pili, mahakama za Illinois na Georgia zilivifuta vikomo vyao mwaka 2010, na Florida ikavifuta kwa awamu mbili, 2014 na 2017. Arizona na Pennsylvania, kama Kentucky, zimeandika marufuku ya vikomo kwenye katiba zenyewe.

Msomaji anaweza kusema kikomo kinambana kila mtu sawa. Hapana. Mhandisi anayelipwa dola 200,000 kwa mwaka akilemazwa Dallas, Texas, fungu lake la mishahara peke yake ni mamilioni, na halibanwi. Mama anayelea wazee majumbani kwa malipo ya saa, bibi aliyestaafu, mtoto mchanga, mama wa nyumbani ambaye kazi yake haina hati ya mshahara: kwao fungu kubwa ni lile la maumivu, na ndilo lenye kifuniko. Wakili anapiga hesabu: asilimia yangu ya 250,000, nitoe gharama za wataalamu, kinabaki nini? Anakupigia simu kwa upole kwamba ofisi yake haitaweza kulichukua shauri lako. Hasemi kwamba huna haki. Wala hana haja ya kusema kwa nini.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema Marekani kila mtu anashitaki. Watafiti wa Harvard waliwahi kupitia mafaili zaidi ya 30,000 ya hospitali 51 za New York ya mwaka 1984. Katika wagonjwa walioumizwa kwa uzembe, waliofungua madai hawakufika hata 2 kwa kila 100. Na New York hiyo haina kikomo.

Pole si samahani

Kiswahili kinatusaidia kuelewa jambo moja linalowachanganya wenyeji wenyewe. Sisi tuna pole na tuna samahani. Pole naweza kumpa mtu aliyejikwaa mbali nami. Samahani natoa nilipokosa. Kiingereza hutumia neno lilelile, "sorry," kwa yote mawili, na kwa miaka mingi madaktari walikatazwa na mawakili wao wasilitamke kitandani kwa mgonjwa, lisije likasomwa mahakamani kama ungamo. Massachusetts ilianza mwaka 1986 kutunga sheria ya kuwalinda, na majimbo mengi yakafuata, kila moja kwa namna yake. California inalinda pole: huruma ya daktari si ushahidi, lakini akiongeza "nilikata mshipa usiohusika," hilo linasomwa. Colorado inalinda vyote, hata ungamo. Daktari akikuambia waziwazi kwamba alikosea, kwa hiyo, usidhani umeshashinda. Inategemea umesimama jimbo gani.

Anayedai kwa niaba ya marehemu

Kwenye familia zetu msemaji ni baba mkubwa, au kaka, au mjomba aliyetangulia kuja. Mahakama haimjui. Katika majimbo mengi dai la kifo hufunguliwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kumteua kunakula wiki au miezi ya ile saa. Wanaofaidika nao wameorodheshwa na sheria: mke au mume, watoto, pengine wazazi.

Florida ina sharti ambalo ukilisoma mara ya kwanza unadhani umekosea kusoma. Mtu mzima asiye na mume wala mke akifa kwa uzembe wa kitabibu, watoto wake waliofikisha miaka 25 hawana dai la majonzi; na wazazi wa marehemu wa umri huo nao hawana. Mjane mwenye watoto watano waliomleta kutoka Bujumbura, wote watu wazima wenye kazi, akifa kwa dawa iliyokosewa, karibu hakuna wa kulipwa chochote ila gharama za mazishi na matibabu. Bunge lilipiga kura kuliondoa sharti hilo mwaka 2025. Gavana Ron DeSantis akakataa kutia sahihi mwezi Mei.

Watu wengine huandika malalamiko kwa bodi ya madaktari ya jimbo wakadhani wamefungua kesi, pengine kwa kuwa Kenya na Tanzania tumezoea kusikia malalamiko yakipelekwa kwenye mabaraza ya madaktari. Bodi ya jimbo inaweza kumwonya daktari au kumnyang'anya leseni. Hailipi fidia, na saa ya mahakama haisimami kuingojea. Kutokuwa na karatasi za uhamiaji, kwa upande mwingine, kwa kawaida hakumnyimi mtu haki ya kudai kwenye mahakama ya jimbo, ingawa ni busara kumweleza wakili mapema.

Faili lako ni haki yako kwa sheria ya taifa: ukiomba kwa maandishi, hospitali inatakiwa ikupe nakala ndani ya siku 30, na inaweza kujiongezea 30 nyingine mara moja tu ikikueleza sababu. Iombe kabla hujamtafuta mtu yeyote, pamoja na picha zenyewe za eksirei na siyo maelezo yake tu. Kisha juu ya bahasha andika kwa kalamu tarehe ya matibabu, tarehe uliyoambiwa au kushuku kwamba kuna kosa, na jina la kituo kama lilivyo kwenye bili. Wakili wa kwanza utakayempigia atakuuliza hayo matatu kabla hajakuuliza daktari alikufanya nini.